Miche ya Kukodi Katika Bustani ya Mwalimu Njoki

Binti mmoja wenu, mwenye nywele fupi na kitambulisho kipya kifuani, alinijia hapa Woodley wiki mbili zilizopita. Aliniambia kwamba ofisi inataka kufufua ule mpango wetu wa zamani wa kuwapunguzia wenye nyumba kodi ya kiwanja, ile tunayoiita reti, wakipanda bustani zisizokunywa maji mengi. Aliniambia pia kwamba nyinyi vijana mmeajiriwa kwenda kukagua bustani hizo, na kwamba katika wakaguzi wa zamani nimebaki mimi peke yangu. "Mzee Mutiso," akasema, "tuandikie kidogo tu. Kitu cha kututia moyo."

Kuwatia moyo! Nilimpa chai, nikamwambia sawa, nitaandika. Lakini wacha niseme mapema, moyo wa kuwatia sina. Nilichonacho ni kazi niliyoijua vizuri na ubaya nilioufanya nikiijua vizuri hivyo hivyo. Chukueni vyote viwili. Mkitaka kuacha kusoma hapa, sitakasirika, maana mimi mwenyewe nimeanza kuandika mara tatu nikaacha.

Tuanze na kazi. Mkifika kwa mtu, msitazame maua. Kila mtu anatazama maua, hata soja wa getini atakuonyesha maua. Pigeni magoti. Ndiyo, na hizo suruali zenu za pasi. Ondoeni matandazo, yale majani makavu na nyasi zilizotandikwa chini ya mimea, kisha muingize kidole kwenye udongo mpaka fundo la pili. Kama chini kuna baridi na unyevu, na mnaona vile vijiuzi vyeupe vya kuvu kwenye majani yaliyooza, huyo mtu amefanya kazi miaka. Kama udongo ni vumbi mpaka chini, majani hayo yalimwagwa jana kwa sababu alisikia mnakuja.

Hayo nilifundishwa na Mzee Macharia, nyapara wetu wa kitalu, kabla sijafanywa mkaguzi. Macharia alikuwa na vidole vinene na hasira za karibu. Siku yangu ya kwanza nilimwagilia miche mia moja maji juu juu, nikasimama pembeni najisikia mtu. Alikuja, akachomeka kidole kwenye karatasi moja ya nailoni yenye mche, akanipaka tope lote kwenye paji la uso. "Umenawisha majani, mizizi inakulilia," akasema. "Rudia." Nilirudia mpaka jua likazama, na kwa wiki nzima wenzangu waliniita Jumatano ya Majivu.

Ni yeye pia aliyenifundisha kuvuta. Shika mche shingoni, pale shina linapotoka ardhini, uuvute taratibu kama mtu anayemwamsha mtoto. Mche uliopandwa miezi sita iliyopita unakataa. Uliopandwa jana unakuja na wewe. Na uliozikwa pamoja na karatasi yake ya nailoni unakuja wote mzima, na udongo wake, na aibu ya mwenye nyumba.

Hilo la mwisho nililiona mara nyingi mpaka nikaacha kushangaa.

Mpango ulianza miaka ile ya elfu mbili mwanzoni, serikali mpya imeingia, watu wamejaa matumaini hadi mtu anamsalimia askari wa trafiki bila kulazimishwa. Ofisi yetu ilikuwa katikati ya mji, ghorofa ya tatu, lifti imekufa. Jina lake naliacha. Masharti yalikuwa mepesi. Ng'oa nyasi za kikuyu zinazokunywa maji mchana na usiku. Punguza kabro, yale matofali ya kupanga ambayo watu wa Nairobi wangeyatandika hadi sebuleni kama wangeweza. Panda miti na vichaka vya hapa kwetu, weka tangi la mvua, na sehemu ya reti yako inafutwa. Mkaguzi anakuja, anaona, anaandika ripoti, bosi anasaini.

Nilikuwa na imani, jamani. Nilifikiri baada ya miaka kumi Nairobi yote itanuka mvua.

Lavington, mtaa wa matajiri, ndiko nilikotibiwa imani hiyo. Kulikuwa na bwana mmoja huko aliyeweka tangi jipya, kubwa, la kijani, ukilitazama unampenda. Nililigonga likalia tupu. Nikasema labda mvua imekawia. Nikazunguka nyuma kutafuta mfereji wa kuleta maji kutoka paani, hakuna. Nikafungua mfuniko wa pembeni, kumbe ni chumba cha mbwa. Mbwa mwenyewe alinitazama tu, hata hakubweka. Shamba boi wa pale alishika tumbo akacheka, nami nikacheka naye. Halafu tajiri akatoka, akaniuliza natumia sukari ngapi kwenye chai.

Mniulize niliandika nini kwenye ripoti. Niliandika: tangi lipo.

Haikuwa rushwa, nilijiambia, ni chai tu na mkate wa siagi. Lakini ukishaandika tangi lipo mara moja, mkono unazoea. Ndipo ikaja ile biashara ya miche. Kando ya Barabara ya Ngong kulikuwa na wauza miche wengi, na mmoja wao alikuwa mtu wa kwetu, Wambua, anayeongea haraka kuliko anavyopumua. Wambua aligundua kwamba matajiri hawataki kupanda miti ya kienyeji, wanataka kuonekana wameipanda. Basi akaanza kukodisha. Asubuhi pikapu inashusha miche arobaini, vijana wanachimba vishimo, wanaizika na karatasi zake, wanafunika kwa majani. Mkaguzi akiondoka saa sita, miche inang'olewa saa saba, na kesho yake iko nyumba nyingine.

Kati ya miche hiyo kulikuwa na muringa mmoja uliopinda shingo. Ulikuwa umevunjika ukiwa mdogo, ukafungwa kwa kamba ya katani, ukapona vibaya, ukawa unaelekea upande mmoja kama mtu anayesikiliza mlangoni. Mara ya kwanza niliuona kwa wakili mmoja. Mara ya pili kwa daktari wa meno. Mara ya tatu nikaanza kuuita Mheshimiwa, kwa vile kila wiki yuko mtaa mpya anapokewa vizuri. Nilimwambia Wambua, "Wee, huo mche wako unajulikana."

"Unajulikana na nani, mzee? Na wewe?" akajibu. "Si wewe ni wetu!"

Nilicheka. Nilikuwa wao kweli.

Kabla Mheshimiwa hajaanza ziara zake, ofisi ilikuwa imenunua kamera ya dijitali. Msidhani nachukia mashine, kamera ile niliipenda, niliipiga picha hata miguu yangu. Lakini bosi wetu, Madam Wavinya, mama mkali, nadhifu, asiyependa ripoti ndefu, alitangaza kwamba tangu siku hiyo kila bustani italeta picha tatu, na picha ndizo zitakazoamua. Nikamuuliza udongo utapigwaje picha. Akasema, "Mutiso, mimi siwezi kuwapelekea wakubwa kidole chako. Nataka kuona kijani." Basi hivyo. Miaka yote niliyopiga magoti ikawa haina maana, na Lavington ilikuwa na kijani ya kutosha kwa sababu kijani yenyewe ilikuwa inasafiri kwa pikapu.

Sasa nifike Muthangari. Nimezunguka sana kwa sababu sitaki kufika.

Mwalimu Njoki alikuwa mjane, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama mwembamba, wa miwani iliyofungwa kwa uzi. Yeye na marehemu mumewe walinunua nyumba ile zamani, wakati Muthangari ilikuwa bado na vichaka. Nilipomkagua mara ya kwanza, pande zote mbili za ua wake kulikuwa na flati zinapanda. Reti ilikuwa imepanda pia, kwa kuwa ardhi sasa ilihesabiwa kwa bei ya flati, na pensheni ya mwalimu mnaijua.

Alikuwa amefanya kila kitu, peke yake, kwa jembe. Nyasi za kikuyu alizing'oa zote. Maji ya jikoni yalikwenda kwenye migomba. Maji ya paani yalikwenda kwenye tangi, na yakizidi yalikwenda kwenye shimo alilolijaza kokoto. Alikuwa na mikinduri, miringa, vichaka vya leleshwa, na nyasi ndefu za porini alizozileta kwa mfuko kutoka kwa dada yake Ngong. Nilipiga magoti nikaingiza kidole. Nawaambia, ilikuwa kiangazi, mji mzima una mgao wa maji, na udongo wa yule mama ulikuwa baridi. Nilikaa pale chini muda kidogo. Nusura nilie, sijui kwa nini.

"Mbona umekaa hapo, Bwana Mutiso? Umeumia?" aliniuliza.

"Hapana, Mwalimu. Naona tu kazi."

Akafurahi sana. Ndipo akaniambia shida yake. Mwanawe wa pekee, Kariuki, alitaka nyumba iuzwe kwa mjenzi wa flati. Si kijana mbaya, alichoka kusaidia kulipa kodi ile kila mwaka. Walikuwa wamebishana mpaka wakapelekana kwa pasta, na mbele ya pasta wakakubaliana hivi: mama akipata lile punguzo, Kariuki atanyamaza na mama ataishi pale mpaka kufa kwake. Asipopata, nyumba inauzwa na mama anahamia kwa Kariuki. "Kwa hivyo unaona," akasema Mwalimu, "mtihani wangu uko mkononi mwako. Sahihisha kwa haki tu. Sitaki upendeleo."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilisema hivyo kwa mdomo huu.

Nikapiga picha tatu, nikapeleka. Madam Wavinya alizitazama kwenye kompyuta, akakunja uso. Nyasi za porini wakati wa kiangazi zinakauka juu, ndiyo akili yake, zinalala zikingoja mvua. Leleshwa ni rangi ya vumbi hata ikiwa na afya. Kwenye picha ilionekana kiwanja kilichotelekezwa. "Hiki ni kichaka," akasema. "Nyoka wanaweza kuishi hapa."

"Madam, chini kuna unyevu. Nimepima."

"Mutiso, tafadhali. Rudi upige zingine. Zikija hivi hivi, nakataa. Ijumaa nafunga faili."

Hapo ndipo msikilize, vijana. Ningeweza kumwomba Madam aje mwenyewe, ni dakika ishirini kutoka mjini. Ningeweza kuandika ripoti ndefu hata kama hazipendi. Ningeweza kuketi pale mlangoni kwake mpaka anifukuze. Lakini nilikuwa nimezoea njia ya mkato, na nilimpenda yule mama, na nilitaka kumsaidia haraka bila kugombana na mtu. Nikampigia Wambua.

Alhamisi asubuhi pikapu ikafika Muthangari. Nilimwambia Mwalimu ni miche ya ofisi, inajaribiwa kwenye bustani nzuri, itachukuliwa baada ya siku mbili. Alisimama na kikombe chake akitazama vijana wakichimba.

"Mbona wanaizika na karatasi?"

"Ili isisumbuke ikihamishwa, Mwalimu."

"Hm," akasema. Alinitazama juu ya miwani, vile walimu wanavyotazama. Kisha akasema, "Nyinyi ndio wataalamu," akaenda kuleta maji ya kuimwagilia. Aliimwagilia yote, mmoja mmoja, kwa kikombe.

Wakati wa kupiga picha nikamwona Mheshimiwa, shingo upande, katikati kabisa. Nilimwona. Sitasema sikumwona. Nilisita kidogo, halafu nikajiambia, amepita Lavington mara ngapi na hakuna aliyeuliza, kwa nini leo? Nikabonyeza. Picha ilitoka kijani kabisa, ilipendeza.

Wambua alipokuja kuchukua mali yake, mche mmoja ulikuwa haupo. Mwalimu alikuwa ameuonea huruma ule uliopinda. Ameutoa karatasi, ameupanda sawasawa kwenye shimo la samadi, na ameuwekea kijiti cha kuuegemeza. "Huu niachieni," akasema, "shingo yake itanyooka." Wambua alitaka kuleta maneno, nikamlipa mwenyewe aondoke. Kwa hiyo mjue jambo hili: katika nyumba zote zilizompokea Mheshimiwa, ni hapo peke yake alipopandwa kweli.

Wiki iliyofuata Madam Wavinya alikuwa akipanga picha zetu zote kwenye ukurasa mmoja ili awaonyeshe wafadhili. Akaniita. Aliniita kwa sauti ya chini, na huyo mama akishusha sauti ujue kuna kitu. Kwenye kompyuta kulikuwa na picha nne. Wakili, daktari wa meno, nyumba nyingine ya Lavington, na Mwalimu Njoki. Mti mmoja, shingo moja, kamba moja ya katani.



Hakunipigia kelele. Alizitazama tena, akafunga zile tatu za kwanza moja baada ya nyingine. "Hizi nilishasaini," akasema. "Hizi zimekwenda." Ikabaki ya Mwalimu peke yake kwenye kioo, kwa sababu faili yake, ingawa ilifungwa Ijumaa, ndiyo iliyokuwa bado mezani ikingoja sahihi. Madam akanigeukia. "Huyu mama alikudanganya, sivyo?"

Vijana, lile swali lilikuwa mlango, na alinifungulia yeye. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja na kitu nistaafu. Nilikuwa na mtoto chuoni. Niliona Macharia, niliona mke wangu, niliona barua ya kufukuzwa kazi. Yote hayo niliyaona. Na bado mtu mwingine angesema hapana.

"Ndiyo, Madam," nikasema. "Alinidanganya."

Barua ikaenda Muthangari. Ilisema ombi lako limekataliwa kwa sababu ya udanganyifu wa miche ya kukodi.

Alikuja ofisini Jumatatu asubuhi, amevaa suti yake ya kanisani, amepanda ngazi zote hizo kwa miguu. Alikuwa anahema. Hakuenda kwa Madam, alikuja moja kwa moja kwenye meza yangu na barua imekunjwa vizuri ndani ya mkoba. Madam akatoka kwenye chumba chake akasimama mlangoni.

"Bwana Mutiso," akasema Mwalimu akiitoa barua, "kuna makosa hapa. Wameandika mimi ni mdanganyifu. Miche ni wewe uliyeileta. Hebu waambie tu, tumalize."

Hakuwa na hasira. Hilo ndilo linaloniua. Alikuwa na hakika kabisa kwamba nitasema, akakaa ananingoja, kama anavyongojewa mwanafunzi anayejulikana anajua jibu.

"Mwalimu," nikasema, "mimi nilikuta imeshapandwa."

Mwalimu alinitazama, kisha akamtazama Madam, kisha akanitazama tena. Akasema, "Aa." Basi, hilo tu. Akairudisha barua kwenye mkoba, akafunga zipu, akashuka ngazi. Niliwaza kumkimbilia. Nilihesabu ngazi kwa masikio mpaka sikusikia viatu tena.

Nyumba iliuzwa kabla ya mvua za masika. Nilipita pale mara moja tu, nikiwa kazini, katapila inafanya kazi. Sikushuka kwenye gari. Mikinduri ilikuwa imelazwa upande mmoja na mizizi juu, na dereva wangu akasema, "Ona kuni hizo, mzee." Mpango wetu nao ulikufa mwaka uliofuata, bila mtu kutangaza. Fomu ziliisha, hazikuchapishwa tena. Nilistaafu nikapewa saa ya ukutani na keki.

Nilikaa na jambo hili mpaka nikashindwa kula. Mke wangu ndiye aliyesema niende. Mwalimu alikuwa akiishi kwa Kariuki, kwenye flati ya ghorofa ya nne, kando ya Barabara ya Ngong. Alinifungulia mwenyewe. Alikuwa amekonda zaidi. Kwenye roshani, katikati ya nguo zinazoanikwa, alikuwa na makopo matatu ya rangi yenye sukuma wiki.

Nilimwambia yote. Nilianza na Wambua nikamaliza na lile neno nililomwambia Madam. Nilitaka anitukane. Alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na karatasi ya mistari na kalamu.

"Andika," akasema.

"Niandike nini, Mwalimu?"

"Hayo hayo. Nyumba imekwenda, Mutiso, siitaki tena. Lakini Kariuki anajua mama yake ni mwizi. Pasta anajua. Kina mama wa kanisani wanajua, wananionea huruma, wanasema ni uzee na shida. Miaka thelathini na minne nimefukuza watoto kwenye mtihani kwa kuibia. Andika."

Niliandika pale mezani, kama mtoto. Alisimama nyuma yangu akisoma. Alinisahihisha mahali pawili, na mahali nilipoandika "kulitokea makosa" akanigonga karatasi kwa kidole. "Makosa hayatokei yenyewe. Nani alifanya?" Nikafuta, nikaandika "nilifanya mimi." Nikatia sahihi. Akaniambia nimpe Kariuki mwenyewe, mkononi, kwa vile barua ikitoka kwa mama, mwanawe atadhani mama ndiye aliyeiandika. Kariuki alikuwa anarudi saa kumi na mbili. Nikasema nitamngoja hapo chini.

Nilimngoja. Nikamwona anaingiza gari, kijana mrefu, amechoka, amebeba mkate na maziwa. Nikatoa barua mfukoni mwa koti. Nikafikiri, akiipeleka ofisini? Pensheni yangu je? Nikajiambia nitarudi kesho, nimwambie vizuri, nikiwa nimejipanga. Akapita karibu nami akasema, "Habari ya jioni, mzee." Nikaitikia nzuri.

Kesho ile haikufika. Niliiahirisha wiki, nikaiahirisha mwezi, na Mwalimu hakunipigia simu hata mara moja kuuliza. Nadhani alifikiri nimempa Kariuki ile barua, na kwamba mwanawe ameamua tu kunyamaza. Hilo ndilo nisiloweza kulala nalo: huenda alikufa akiamini Kariuki alijua ukweli na hakumwambia pole.

Nilisoma tangazo la kifo chake gazetini, nikaenda mazishini. Nilivaa koti lile lile, na barua nilikuwa nayo, niliapa leo ni leo. Hema lilijaa, walikuja wanafunzi wake wa zamani wenye mvi. Nilipata kiti cha plastiki safu ya tatu. Kariuki aliposimama kumzungumzia mama yake alilia kwanza, akashindwa kuendelea, watu wakamwambia pole, pole. Akajifuta. Akataka kutuchangamsha kidogo, vile watu hufanya. Akasema, "Mnamjua mama yangu kwa ukali. Lakini hata yeye alikuwa na ujanja wake! Wengi hamjui, kuna wakati alikodi miche ya miti, akaizika uani, ili akwepe reti. Akashikwa! Mwalimu mzima akashikwa akiibia mtihani!" Alisema kwa mapenzi kabisa, anatabasamu na machozi yanamtoka.

Hema zima lilicheka. Pasta alicheka, kina mama wa kanisani wakacheka wakipangusa macho, jirani yangu wa kiti akanigusa bega akisema, "Huyu mama, jamani!"

Na mimi nikacheka.